Nyumbu, Mahujaji na Wanafunzi wa Sanaa: Ziara za Siku Moja za San Miguel de Allende Zilikotoka

Waliopanga kwanza ratiba ya ziara hizi walikuwa nyumbu. Si wale wa Serengeti. Hawa ni wanyama wa mizigo, wanaozaliwa na punda dume na farasi jike. Misafara yao ilisafirisha madini ya fedha kutoka Zacatecas na Guanajuato hadi Jiji la Mexico, na ilihitaji kila jioni mahali penye maji, uga wa kulaza wanyama na ngome ndogo yenye askari. Vituo hivyo vikawa miji. Leo watalii wanaotoka San Miguel de Allende asubuhi, wakazuru Atotonilco, Dolores Hidalgo au Guanajuato na kurudi kulala walikotoka, wanapita kwa basi dogo katika njia zilizochorwa na kwato.

Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1542 na mtawa Mfransisko, Juan de San Miguel, aliyejenga kanisa dogo karibu na mto. Miaka minne baadaye fedha iligunduliwa Zacatecas, na mara kijiji kile cha wamisionari kikajikuta kati ya mgodi na hazina ya mfalme. Shida ni kwamba njia ilikata nchi ya watu wengine. Wahispania waliwaita wote Wachichimeca, ingawa walikuwa makabila kadhaa yasiyokuwa na mfalme wala mji mkuu wa kuuteka, na kwa sababu hiyo hiyo hawakushindika kirahisi. Kijiji kilishambuliwa, wakazi wakakimbia. Kikajengwa upya juu ya kilima, penye chemchemi za El Chorro, na mwaka 1555 kikapewa walowezi na askari wa kulinda njia. Vita viliendelea hadi karibu mwaka 1590, na havikumalizwa kwa mizinga. Serikali ya kikoloni ilichoka ikaanza kuwagawia Wachichimeca nguo, chakula na mifugo ili waache kushambulia misafara. Ziara za kutembea mjini hupita El Chorro hata sasa, kwenye mabeseni ya mawe ambamo wanawake wa mji walifulia nguo, lakini habari ya amani iliyonunuliwa kwa nguo na ng'ombe husimuliwa kwa nadra kuliko habari ya mishale. Ni hasara, maana ndiyo iliyofungua njia.

Fedha iliyopita hapo haikuishia Uhispania. Sarafu zilizofuliwa Mexico zilisambaa hadi Manila, China na Bahari ya Hindi. Katika pwani ya Afrika Mashariki sarafu za Kihispania zilikuwa miongoni mwa fedha za kigeni zilizopokelewa sokoni kabla na sambamba na riale ya Maria Theresa. Mgodi wa La Valenciana, juu ya mji wa Guanajuato, ulimtajirisha mmiliki wake kiasi cha kupewa ukabaila na mfalme, na kanisa la San Cayetano lililomalizika 1788 pembeni ya mgodi limefunikwa dhahabu ndani kana kwamba mtu alikuwa akilipa deni. Mwaka 1803 alifika hapo mwanasayansi Mjerumani, Alexander von Humboldt. Alishuka mgodini, akapima kina, akahesabu mazao na akatazama wachimbaji walivyopanda ngazi na mzigo wa mawe mgongoni. Alikuwa mgeni mwenye kibali na wenyeji wa kumtembeza, na vitabu vyake ndivyo vilivyofanya wasomaji wa Ulaya watamani kuliona eneo hili kwa macho yao.

Ila kabla ya wasomaji wa Humboldt kulikuwa na wageni wengine, wengi zaidi na maskini zaidi. Kilomita 14 kutoka San Miguel, karibu na chemchemi za maji moto, padri Luis Felipe Neri de Alfaro alianza mwaka 1740 kujenga patakatifu pa Atotonilco. Kwa nje ni kuta nyeupe, ndefu, tupu. Ndani, mchoraji Miguel Antonio Martínez de Pocasangre alijaza kila upenyo: dari, kuta, milango, nguzo; Kristo akisalitiwa, akipigwa, akianguka, na katikati ya picha, maandishi na mashairi ya padri mwenyewe. Watangazaji wa utalii hupenda kupafananisha na kanisa la Sistine la Vatikani. Ulinganisho huo unapapunja. Michelangelo aliwachorea mapapa; Pocasangre aliwachorea wakulima, wachimbaji na vibarua waliokuja kufunga wiki nzima, kulala sakafuni, kujipiga mijeledi na kulia. Kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, ukuta ndio uliohubiri, na mtu alipitishwa mbele yake hatua kwa hatua kwa utaratibu maalumu. Hiyo ni ziara ya kuongozwa, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Mahujaji bado wanafika kwa maelfu kila mwaka. Wiki mbili kabla ya Pasaka hubeba sanamu ya Bwana wa Nguzo usiku kucha hadi San Miguel, wakaingia mjini alfajiri juu ya zulia la maua na majani. Mtalii anayefika Atotonilco saa nne asubuhi na kamera yake anapishana mlangoni na mtu aliyekuja kwa jambo lingine kabisa, na mwongozaji mwenye adabu hujua wakati wa kushusha sauti.

Mlango huo huo ulipitiwa na historia ya taifa. Alfajiri ya tarehe 16 Septemba 1810, padri Miguel Hidalgo alipiga kengele ya kanisa lake huko Dolores na kuwaita watu waasi. Hakuwa padri wa kawaida: aliwafundisha waumini wake ufinyanzi, ufugaji wa nyuki, kilimo cha mizabibu. Siku ile ile kundi lake lilipita Atotonilco, likachukua picha ya Bikira Maria wa Guadalupe iwe bendera, na kufikia jioni lilikuwa San Miguel, nyumbani kwa Ignacio Allende, ofisa wa jeshi aliyekula njama pamoja naye. Tarehe 28 likavamia ghala kubwa la nafaka la Guanajuato, Alhóndiga de Granaditas, ambamo Wahispania walikuwa wamejifungia na mali zao. Yaliyotokea humo yalikuwa mauaji, na waongozaji wengi huyapita haraka ili wafike kwenye hadithi ya El Pípila, mchimbaji anayesemekana kujifunika bamba la jiwe mgongoni akauchoma moto mlango. Mwaka uliofuata vichwa vya Hidalgo, Allende na viongozi wenzao Aldama na Jiménez vilitundikwa kwenye pembe nne za ghala hilo, vikaachwa hapo hadi 1821. Mwaka 1826 San Miguel ikapewa jina la Allende.

Kwa hiyo karne nzima iliyofuata njia ya fedha ikageuka njia ya mashujaa. Kimaisha mji ulidorora. Reli ilifika mwishoni mwa karne ya 19, na fundi mwenyeji, Zeferino Gutiérrez, akaupa mji uso wake wa sasa, minara myekundu ya kanisa la parokia yenye ncha kama za makanisa ya Ulaya ya kaskazini. Inasemekana aliiga kutoka kwenye postikadi. Wasanifu wengine wameikejeli kazi hiyo. Mimi naona ndiyo jengo la ukweli kuliko yote mjini, kwa kuwa linaonyesha fundi wa mbali alivyoiota Ulaya bila kuifika.

Februari 1937 Mmarekani kijana wa Chicago, Stirling Dickinson, alishuka kwenye treni akaiona minara hiyo katika ukungu wa alfajiri. Alibaki San Miguel hadi kifo chake mwaka 1998. Mwaka 1938 mchoraji kutoka Peru, Felipe Cossío del Pomar, alifungua shule ya sanaa katika nyumba ya zamani ya watawa wa kike, na Dickinson akawa msaidizi wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani iliwalipia masomo askari wake waliorudi, na posho iliyokuwa kidogo Chicago ilimtosha mtu kukodi nyumba na mpishi San Miguel. Januari 1948 jarida la Life lilichapisha picha za maisha hayo na kuyaita paradiso, maombi yakamiminika. Mwaka huo pia David Alfaro Siqueiros aliletwa kufundisha uchoraji wa ukutani. Aligombana na mwenye shule wa wakati huo, akaondoka, na mchoro wake wa maisha ya Allende ukabaki nusu kwenye chumba kimoja cha nyumba ile ya watawa, unaoonekana hadi leo.

Hapa ndipo ziara tunazozijua zilipozaliwa, nusu darasani nusu barabarani. Wanafunzi walipelekwa Atotonilco kunakili michoro, Guanajuato kuchora vichochoro, machimboni Pozos kutazama magofu. Walioishiwa posho walirudi kwao. Wengine wakaoa, wakajenga, wakazeekea pale. Jumuiya hiyo ya wageni ilianzisha maktaba ya umma miaka ya 1950, ikabuni njia ya kuiendesha: kuwatoza wageni ada ya kutembezwa katika nyumba na bustani za watu, mapato yakawasomesha vijana wa mji. Shirika la Patronato Pro Niños nalo likaweka matembezi ya historia yanayoongozwa na watu wa kujitolea, na ada ya mtalii ikawa matibabu ya watoto wasiojiweza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, kwa maana yake kamili.

Biashara ilikuja baadaye. Guanajuato iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1988, San Miguel pamoja na Atotonilco mwaka 2008, na barabara ya fedha yenyewe mwaka 2010. Wizara ya Utalii ya Mexico ilishaweka kanuni mwaka 2002 za kuwatambua waongozaji: kundi moja la utamaduni, kundi jingine la shughuli za porini kama kupanda milima, kila mmoja na kitambulisho chake kifuani. Ziara nazo zikapata mtindo. Dolores siku hizi ni sanamu ya Hidalgo, vigae vya rangi, kaburi la mwimbaji José Alfredo Jiménez lenye umbo la kofia kubwa, na aiskrimu ya parachichi au ya ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, ambayo watu huinunua hasa wapate la kusimulia.

Upande wa mazingira ulichelewa, na ulianza kwa wananchi. Tarehe 11 Julai 1991, siku ya kupatwa kwa jua kikamilifu, wakazi wa San Miguel walizindua bustani ya mimea ya El Charco del Ingenio juu ya korongo lililokuwa na magofu ya vinu vya maji. Humo huhifadhiwa dungusi, mipungate na mikonge ya Mexico, mingine ikiwa imeokolewa mbele ya matingatinga ya wajenzi. Mwongozaji wa bustanini hulazimika kuzungumzia jambo ambalo mwenzake wa makanisani anaweza kulikwepa: ukame. Mji uliozaliwa kwa sababu ya chemchemi sasa unavuta maji kutoka visima vinavyozidi kwenda chini.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwaka 2011, mabonde ya mto Laja yalipofunguliwa kwa macho ya umma kupitia Cañada de la Virgen. Ni mji wa ibada uliokaliwa takriban kati ya mwaka 540 na 1050, na unahusishwa na mababu wa Waotomí, watu ambao masimulizi ya awali yaliwataja kama wapagazi na wasindikizaji wa Wahispania tu. Piramidi yake kuu, Nyumba ya Mbingu Kumi na Tatu, imeelekezwa kwa mizunguko ya jua na mwezi. Huingii kwa gari lako wala bila mwongozaji. Taasisi ya Taifa ya Anthropolojia na Historia hukusafirisha kutoka kituo cha wageni, kisha unatembea. Njiani unaelezwa mti, mpungate na nyota kwa pumzi moja, na mgawanyo ule wa vitambulisho viwili wa wizara unaonekana wa ajabu kidogo.

Lipo kundi jingine ambalo bado linasubiri zamu yake. Waafrika waliofanywa watumwa walifanya kazi katika migodi, mashamba na nyumba za eneo hili. Wengi walitoka magharibi mwa Afrika na Angola, na baadhi walitoka Msumbiji, wakapitishwa Manila na kuvushwa Pasifiki hadi Acapulco. Hidalgo alitangaza kufuta utumwa tarehe 6 Desemba 1810 huko Guadalajara. Katiba ya Mexico iliwatambua rasmi Wamexico wenye asili ya Afrika mwaka 2019 tu, na sensa ya 2020 ikawahesabu zaidi ya milioni 2.5. Vitabu vya parokia vya Guanajuato na San Miguel, ambamo mapadri waliandika rangi ya kila mtoto aliyebatizwa, vimejaa majina yao, na watafiti wanavisoma. Katika ziara ya kutwa, mara nyingi ni msafiri anayepaswa kuuliza.