Takhmisi ya Mahoko: Remiksi na Haki ya Jina katika Dancehall ya Mpakani

Siku ya soko pale Mahoko, kwenye barabara ya Rwanda itokayo Musanze kuteremka Rubavu, kijana anayerusha nyimbo kwenye kadi za simu hamuulizi mteja anataka wimbo gani. Anamuuliza kadi ina nafasi kiasi gani. Akishajibiwa anafungua folda, anavuta mafaili matatu manne, kila moja la saa nzima, anapokea faranga zake. Mafaili hayo hayana jina la mwimbaji hata mmoja. Yana jina la DJ, neno miksi na namba. Ndani mna Wajamaika, Waganda, Wakongomani na Wanyarwanda, mdundo umeunganishwa na mdundo, na kila baada ya dakika moja au mbili sauti nzito inakatiza kujitaja.

Tumezoea kuweka wimbo "wa asili" katikati ya mjadala na kuziona remiksi na miksi kuwa vivuli vyake, au wizi mtupu. Hoja yangu ni kwamba mwizi tumemtafuta mahali asipo. Dancehall imeishi kwa kuchanganywa tangu ilipozaliwa. Dhuluma huingia jina linapofutwa.

Chukua Funga Macho. Bruce Melodie, Mnyarwanda, aliutoa wimbo huo, kisha mwishoni mwa 2023 ukarudi na Mjamaika Shaggy ndani yake, ukiitwa When She's Around, jina la kwanza likibaki kwenye mabano. Jina lenyewe lina kisa. Mtu wa Unguja angesema fumba macho. Kwake kufunga macho ni kazi ya kitambaa. Lakini Kiswahili cha Rubavu na Goma hakijawahi kuomba ruhusa Unguja, na kilikuwa sokoni miaka mingi kabla ya 2017, mwaka ambao sheria ilikifanya lugha rasmi ya Rwanda. Kwa hiyo kabla hata Mjamaika huyo hajaingia, wimbo ulikuwa tayari umechanganywa: mwimbaji wa Kigali, kichwa cha Kiswahili cha bara.

Shaggy naye si mgeni wa mambo haya. Sifa zake zilivuka bahari mwaka 1993 kwa Oh Carolina, wimbo ambao Folkes Brothers walikuwa wameurekodi Jamaika karibu na 1960 chini ya mtayarishaji Prince Buster, ngoma zikipigwa na kundi la Count Ossie. Toleo jipya lilipouzika, ugomvi wa mtunzi ukafika mahakamani London, na mwaka 1994 John Folkes wa Folkes Brothers akapewa haki yake. Kesi ile haikuuliza kama wimbo unaruhusiwa kubadilishwa. Iliuliza ni wa nani.

Jamaika yenyewe ilikwisha kuvuka swali la uasilia zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika studio ya Treasure Isle, fundi alisahau kuweka sauti za waimbaji kwenye santuri moja iliyokatwa kwa ajili ya Ruddy Redwood, mwenye mitambo ya muziki huko Spanish Town. Redwood aliipiga vivyo hivyo, na watu wakaimba wenyewe juu ya mdundo. Mwaka 1985 mtayarishaji King Jammy na mwimbaji Wayne Smith wakatoa mdundo wa Sleng Teng, uliotokana na kinanda kidogo cha Casio, na mamia ya nyimbo zikajengwa juu yake. Uulize hapo wa asili ni upi! Wajamaika wana neno lao, riddim: mdundo mmoja wanamokaa waimbaji wengi, kama ukumbi wa harusi.

Sisi tuna neno la jambo hili, na ni la zamani kuliko kinanda chochote. Katika takhmisi mshairi huchukua beti za mwenzake zenye mishororo miwili miwili, akatanguliza mitatu yake, ubeti ukawa na mitano. Takhmisi ya tungo za mshairi Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, haikuitwa wizi na mtu yeyote. Kwa nini? Kwa sababu mishororo ya mwenyewe inabaki mwishoni mwa kila ubeti, inasikika, na jina la Liyongo limo kwenye anwani. Mgeni ameketi, mwenyeji hajatolewa nje.

DJ wa Mahoko anafanya sehemu ya kwanza ya kazi hiyo, tena kwa ustadi. Nimemtazama mmoja akipunguza mwendo wa wimbo ulioenda mapigo 105 kwa dakika mpaka ukakutana na mwingine wa 98. Akakata ubeti wa pili uliokuwa unachosha, akarudia mwanzo mara tatu. Kwa sekunde kumi hivi ngoma ilikuwa ya Kingston na sauti ya Kampala. Kitu kile hakipo kwenye albamu ya mtu. Ni chake, na anastahili kujitaja. Asichostahili ni kujitaja peke yake.

Wanasheria watanikumbusha kuwa Rwanda imo katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki tangu 1984, na kwamba kifungu cha 6 bis kinampa mtunzi haki mbili: kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Katika mijadala yetu haki ya pili ndiyo hupigiwa kelele. Kwa muziki huu ya kwanza ina uzito zaidi.

Wanamuziki wana jibu zito kuliko la wanasheria: jina haliliwi. Ni kweli, na faranga za kadi haziwafikii. Lakini chama chochote cha kukusanya mirabaha kitagawa vipi fedha za faili la saa nzima lisilo na orodha? Orodha hutangulia malipo. Bila hiyo hata mtafiti hana pa kuanzia, maana kumbukumbu yote hukaa kwenye diski moja juu ya meza ya mbao, karibu na mto Sebeya, ule uliofurika Mei 2023.

Nilimwomba kijana wa kibanda aniandikie nyimbo zilizomo katika faili moja. Alichukua daftari, akaandika majina kumi na moja bila kusita, waimbaji na nyimbo zao. Kalamu ikasimama. Zilizobaki aliniimbia.