Sedani za kifahari za Korea Kusini

Sedani za kifahari za Korea Kusini ni magari ya abiria ya hadhi ya juu yanayotengenezwa na kampuni za nchi hiyo, hasa Hyundai, Kia na Genesis. Tangu mwaka 2008 baadhi yake zimeundwa kwa lengo la kushindana na sedani za Ujerumani zinazosifiwa kwa mwendo na anasa, kama vile BMW Mfululizo wa 3, Mercedes-Benz C-Class na Audi A4. Zinazojulikana zaidi katika kundi hilo ni Kia Stinger (2017–2023) na Genesis G70, iliyoanza kuuzwa mwaka 2017.

Katika vipimo vya mwendo na vifaa magari hayo yamefika karibu sana na washindani wake, lakini katika mauzo bado yako nyuma kwa mbali. Katika Afrika Mashariki yanaonekana kwa nadra, na sababu kubwa si ubora wake bali upande wa usukani na chanzo cha magari ya mitumba.

Historia

Kampuni ya magari ya Hyundai ilianzishwa mwaka 1967 na Chung Ju-yung. Gari lake la kwanza lililobuniwa kwa ajili yake yenyewe, Hyundai Pony, lilianza kutengenezwa mwaka 1975. Umbo lake lilichorwa na Mwitalia Giorgetto Giugiaro, injini ilitoka Mitsubishi ya Japani, na kazi iliongozwa na Mwingereza George Turnbull aliyewahi kuwa kiongozi katika British Leyland. Mwaka uleule BMW ilitoa Mfululizo wa 3 wa kwanza. Kwa hiyo wakati Wakorea walipokuwa wakijifunza kuunda gari dogo la bei nafuu, Wajerumani walikuwa tayari wanaweka kipimo ambacho sedani zote za mwendo hulinganishwa nacho hadi leo.

Magari ya kwanza ya anasa ya Korea yalikuwa ya kuazima. Hyundai Grandeur ya mwaka 1986 iliundwa pamoja na Mitsubishi na ilikuwa ndugu wa Mitsubishi Debonair. SsangYong Chairman ya mwaka 1997 ilijengwa juu ya msingi wa Mercedes-Benz E-Class ya zamani. Wanunuzi walikuwa hasa wakuu wa makampuni na maofisa wa serikali ndani ya Korea, waliokaa kiti cha nyuma huku dereva akiwaendesha. Mwendo haukuwa jambo la maana kwao.

Nje ya nchi hali ilikuwa ngumu zaidi. Hyundai Excel iliingia Marekani mwaka 1986 na kuuzwa kwa wingi sana kwa sababu ya bei yake, lakini uimara wake ulikuwa mdogo na jina la Hyundai likawa mzaha kwa miaka mingi. Baada ya msukosuko wa fedha wa Asia wa mwaka 1997 Kia ilifilisika, na mwaka 1998 Hyundai ilichukua usimamizi wake. Ili kurudisha imani, Hyundai ilianza kuwapa wanunuzi wa Marekani dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia. Dhamana ya namna hiyo ni ghali sana kwa kampuni inayotengeneza magari mabovu, hivyo ililazimisha viwanda kuboresha kazi yao.

Mwaka 2006 Kia ilimwajiri Peter Schreyer, mbunifu Mjerumani aliyekuwa Audi. Mwaka 2008 Hyundai ilitoa sedani iliyoitwa Hyundai Genesis, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma kama BMW na Mercedes-Benz. Mwaka 2009 ilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Amerika Kaskazini. Hata hivyo ilibaki ikiuzwa katika vyumba vilevile vya maonyesho vilivyouza magari madogo ya bei ya chini. Novemba 2015 Genesis ilitangazwa kuwa chapa inayojitegemea, kwa mfano wa Lexus ambayo Toyota iliianzisha mwaka 1989.

Stinger na G70

Mwaka 2015 Hyundai ilimpata Albert Biermann, mhandisi Mjerumani aliyekuwa akiongoza uhandisi katika kitengo cha M cha BMW, yaani kitengo kinachotengeneza BMW za mashindano na mwendo mkali. Huenda hakuna uamuzi mwingine uliobadilisha magari ya Korea kwa kiasi hicho. Biermann alirekebisha uongozaji, springi na breki, na magari yakapimwa katika njia ya Nürburgring, Ujerumani.

Kia Stinger ilionyeshwa mara ya kwanza Detroit mnamo Januari 2017. Umbo lake lilitokana na gari la maonyesho la mwaka 2011 lililoitwa Kia GT, na mbunifu wake mkuu alikuwa Gregory Guillaume. Ina urefu wa milimita 4,830 na nafasi ya milimita 2,905 kati ya ekseli, hivyo ni kubwa kuliko BMW Mfululizo wa 3. Mlango wake wa nyuma hufunguka pamoja na kioo. Injini ndogo ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,998. Injini kubwa ni V6 ya lita 3.3 yenye tabo mbili, ambayo katika soko la Marekani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 365. Kwa injini hiyo kampuni ilitaja sekunde 4.9 kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa.

Genesis G70 hutumia msingi na injini za jamii hiyohiyo, lakini ni fupi zaidi na ndani yake imepambwa zaidi. Mwaka 2019 ilipata tuzo ya Gari la Mwaka la jarida la Motor Trend na pia ya Gari la Mwaka la Amerika Kaskazini. Tuzo hizo zina uzito kwa sababu waandishi walioitoa walikuwa wameendesha pia sedani za Ujerumani.

Bei ilikuwa silaha kuu. Stinger ya injini ndogo ilianzia takriban dola 32,000 nchini Marekani, na ile ya V6 ilikuwa nafuu kwa maelfu ya dola kuliko BMW yenye nguvu zinazokaribiana. Udhaifu wake pia ulijulikana: ilikuwa nzito, ilikunywa mafuta mengi, na baadhi ya vitufe na plastiki za ndani vilifanana na vya Kia za kawaida. Ndani ya Korea yenyewe Stinger haikubandikwa nembo ya Kia mbele, bali nembo ya pekee yenye herufi E. Ni vigumu kupata ushahidi bora kwamba hata watengenezaji walijua tatizo lilikuwa jina.

Nchini Australia gari lilipata kazi ambayo haikutarajiwa. Baada ya Holden na Ford kufunga viwanda vyao huko, polisi walikosa sedani kubwa zenye mwendo, na polisi wa jimbo la Queensland ni miongoni mwa waliochagua Stinger kwa doria za barabara kuu.

Mauzo

Sifa za waandishi hazikugeuka kuwa wanunuzi wa kutosha. Utengenezaji wa Stinger ulikoma mwaka 2023. Genesis ilifikisha jumla ya magari milioni 1 yaliyouzwa duniani mwezi Agosti 2023, mengi yakiwa Korea kwenyewe. Katika Marekani iliuza karibu magari 69,000 mwaka huo, ilhali BMW iliuza zaidi ya 360,000. Tena, sehemu kubwa ya magari hayo ya Genesis si sedani bali magari marefu ya familia aina ya GV70 na GV80.

Kukosa umri ni sehemu ya maelezo. Mnunuzi wa gari la kifahari hununua pia kumbukumbu: BMW M3 ipo tangu mwaka 1986. Hasara ya kuuza tena nayo ni kubwa zaidi kwa jina jipya, na hasara hiyo hula akiba iliyopatikana kwenye bei ya kwanza. Jina la kundi zima pia liliharibiwa na injini za Theta II, ambazo magari yake yaliitwa kurudi viwandani kuanzia mwaka 2015 kwa sababu ya kuharibika, ingawa V6 ya Stinger haikuwa ya aina hiyo.

Katika magari ya umeme Wakorea wameanza karibu sawa na wengine. Hyundai Ioniq 5 N yenye hadi nguvu za farasi 641 ilipata tuzo ya Gari la Mwendo la Dunia la mwaka 2024. Si sedani, lakini wahandisi walioitengeneza ni wa kundi lililofanya kazi chini ya Biermann.

Afrika Mashariki

Magari mengi ya binafsi nchini Tanzania, Kenya na Uganda ni mitumba kutoka Japani. Nchi hizo zote, pamoja na Japani, huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia. Korea Kusini huendesha upande wa kulia, kwa hiyo mitumba yake ina usukani wa kushoto. Kenya hairuhusu kuingiza magari ya kawaida ya usukani wa kushoto, na hukataa pia magari yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Stinger yenye usukani wa kulia ilitengenezwa kwa ajili ya nchi kama Uingereza na Australia, si Japani. Hyundai iliondoka katika soko la magari ya abiria la Japani mwaka 2009 na ilirudi mwaka 2022 tu, ikiwa na magari ya umeme. Matokeo yake minada ya Japani, ambako wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Mombasa hununua, karibu haina sedani za Korea.

Nafasi ya sedani ya mwendo kwa bei ya wastani imeshikwa na Toyota Mark X (2004–2019) na Toyota Crown. Mark X ina injini ya V6 na, katika aina nyingi, husukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Stinger. Vipuri vyake hupatikana Gerezani, Kariakoo, na Kirinyaga Road mjini Nairobi, na mafundi wengi wanaizoea. Mwenye Stinger angelazimika kuagiza vipuri kutoka mbali. Kodi nazo zina sehemu: nchini Tanzania injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa juu zaidi, hivyo Stinger ya silinda nne ingeponea chini ya mpaka huo na ya V6 isingeponea.

Bonde la Kilombero

Katika sehemu nyingi za Tanzania swali la BMW au Genesis huamuliwa na barabara kabla ya bei. Mfano ni Chita, kata ya Mkoa wa Morogoro iliyo kati ya Ifakara na Mlimba, chini ya milima ya Udzungwa. Barabara ya Ifakara–Mlimba kwa miaka mingi imekuwa ya udongo na changarawe, na wakati wa masika hugeuka tope katika mashamba ya mpunga. Tumbo la Stinger liko sentimita 13 tu juu ya ardhi, na matairi yake ni membamba wa ubavu. BMW ya kawaida haina nafuu hapo. Yanayopita ni Land Cruiser za mkonga, Noah, malori ya mpunga, pawatila na pikipiki za bodaboda.

Usafiri mwingine wa Chita ni treni ya TAZARA, reli iliyojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1976. Chombo cha Kikorea kinachojulikana zaidi nchini Tanzania nacho ni treni: Hyundai Rotem, kampuni ya kundi la Hyundai, ilipata mwaka 2021 mkataba wa kutengeneza vichwa 17 vya treni za umeme na mabehewa 80 ya treni za umeme zinazojiendesha kwa ajili ya reli ya kisasa. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza Juni 2024, na treni hizo zinazojiendesha wananchi huziita Mchongoko. Reli hiyo haipiti bonde la Kilombero.