Kosa Rahisi: Wakamba Walivyojifunza Kuchonga

Mtu mwenye kazi yake ya mshahara akinunua patasi, tupa na kipande cha mbao ili ajifundishe uchongaji jioni kwa kuupenda tu, wengi humhurumia. Ufundi, wanasema, hurithiwa nyumbani au hufundishwa chuoni, na anayejaribu peke yake huishia kuharibu mbao. Historia ya Afrika Mashariki haikubaliani nao. Uchongaji wa vinyago wa Wakamba, ambao mtalii anayenunua twiga wa mti huudhania kuwa sanaa ya kale, una umri wa karne moja na ushei tu. Wakamba hawakuurithi kwa mababu, wala haukutoka kwenye shule ya misheni. Ulikuzwa na wakulima walioutumia muda wao wa ziada kujaribu, wakakosea, wakajaribu tena, na ndani ya kizazi kimoja vinyago vyao vikawa vinauzwa ng'ambo. Hoja yangu ni kwamba kujaribu na kukosea ni njia kamili ya kujifunza ufundi, ila ina masharti mawili: kosa lionekane mapema, na gharama yake iwe ndogo. Ukambani masharti hayo yalikuwapo, na yalipoanza kutoweka, kujifunza nako kulidhoofika.

Masimulizi ya Wakamba wenyewe humtaja Mutisya wa Munge, mkulima wa Wamunyu katika eneo la Machakos. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wengi mno waliochukuliwa na Waingereza kubeba mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kwenye kikosi kilichoacha jina lake Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Huko, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, aliwaona wachongaji wakifanya kazi. Masimulizi mengine huwataja Wazaramo, mengine Wamakonde. Alichorudi nacho kilikuwa kumbukumbu ya kazi iliyofanywa na wengine, si mafunzo ya miaka chini ya fundi. Sura ya kinyago alikuwa ameiona, lakini mapigo ya tezo yanayoitoa sura hiyo ndani ya gogo ilimbidi ayatafute mwenyewe. Kutoka kwake ufundi ulienea kwa jamaa na majirani, na mpaka miaka ya 1950 biashara hii ilikuwa imekua kiasi cha kumvutia mwanauchumi Walter Elkan, aliyeandika juu yake mwaka 1958.

Mtu anaweza kupinga kwamba Wakamba hawakuanzia sifuri, na ni kweli. Walikuwa na wahunzi hodari, walichonga vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa waya, walitengeneza pinde na mishale, na walichimba magogo kuwa mizinga ya nyuki. Mkono uliozoea tezo ulikuwapo tangu zamani. Lakini tuangalie mkono huo ulijua nini. Mzinga wa nyuki una kipimo chake: nyuki wakiingia, umefaa. Kigoda nacho kina chake: kikisimama bila kuyumba, kazi imekwisha. Umbo la mtu au la mnyama halina kipimo cha namna hiyo. Bega likizidi kidogo, hakuna kinachoanguka wala kuvuja, ila kitu kizima kinakuwa kibaya. Kwa hiyo urithi ule ulimpa mchongaji nguvu ya mkono na ujuzi wa miti, lakini jicho la kupima umbo lilipatikana kwa kuharibu vipande vingi. Pingamizi hilo linatufundisha kwamba anayejaribu huanza na kile alichonacho. Halionyeshi kwamba alikuwa ameshakijua kile alichokuwa anakitafuta.

Twiga ni mfano mzuri wa jinsi mti unavyofundisha. Mchongaji hukata kipande cha gogo, akakipunguza kwa shoka, akatoa umbo kwa tezo, akaingia kwenye masikio na kwato kwa kisu, kisha akamaliza kwa tupa na msasa. Twiga humsamehe anayeanza, kwa kuwa shingo na miguu yake yote hufuata nyuzi za mti kutoka juu hadi chini. Mnyama aliyelala kwa urefu wa gogo ni habari nyingine. Miguu yake myembamba inakata nyuzi, na pigo moja la pembeni huivunja. Hakuna haja ya mwalimu kusimama hapo na kueleza, kwa sababu mguu uliovunjika saa nne asubuhi umekwisha kueleza. Ndiyo maana fundi hufikiria namna mnyama atakavyokaa ndani ya gogo kabla hajanyanyua shoka, na pembe ndefu au meno ya tembo huweza kuchongwa kando na kupachikwa mwishoni. Kanuni hizi hazikuandikwa popote, lakini kila moja ina historia ya vipande vilivyotupwa motoni. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa vizuri vimeundwa na mikono iliyokwisha kukosea.

Sharti la kosa kuonekana lilitimizwa pia na watu. Wachongaji walikaa pamoja chini ya vivuli, na baadaye katika vyama vya ushirika kama kile cha Changamwe, Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1963. Mchongaji hakuweza kuficha kazi mbovu, na hakuhitaji kusafiri ili aione iliyo bora. Kisha walikuwapo wanunuzi: walowezi, wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia, wafanyabiashara wa nje na watalii. Hapa kuna pingamizi zito zaidi, kwamba soko hilo lilifundisha kunakili tu, na kwamba foleni ya vifaru na twiga wanaofanana rafuni si sanaa. Nakubali kwamba mnunuzi ni mwalimu mwenye mipaka, maana husifu anachokitambua. Lakini kurudia si kinyume cha kujifunza. Anayechonga swala wa mia ana nafasi ya kubadilisha kitu kimoja na kuona matokeo yake, nafasi ambayo anayechonga swala wa kwanza hana. Kasoro ya soko hilo ilikuwa umbali. Kinyago kilichochongwa kutoka mti mbichi kiliweza kuondoka Mombasa kikiwa kizima, kikapasuka miezi kadhaa baadaye katika nyumba kavu ya Ulaya au Marekani. Kosa hilo lilionekana, lakini halikuonekana kwa aliyelitenda, na kosa la namna hiyo halimfundishi mtu.

Sharti la gharama ndogo lina habari nzuri na habari chungu. Nzuri ni kwamba mchongaji wa mwanzo alikuwa mkulima. Ukambani ni nchi kame, na kati ya msimu wa mvua na mwingine mikono ilipata nafasi. Aliyeharibu kinyago alipoteza jioni chache, si chakula cha watoto. Uhuru huo ndio anaoufurahia leo mtu anayejifunza useremala kwa kupenda tu, na hakuna sababu ya kuudharau. Chungu ni kwamba kosa lilikuwa rahisi pia kwa sababu mti wenyewe haukupewa bei yake ya kweli. Mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini, huhitaji miongo mingi kabla moyo wake mweusi haujafikia unene wa kuchongeka. Muhugu, uliopendwa kwa ulaini wa nyuzi zake, ulikatwa katika misitu ya kuzunguka Nairobi na ya Pwani kama Arabuko-Sokoke. Gharama ambayo mwanafunzi hakuilipa ililipwa na msitu. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ya mpingo imewekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa wa mkataba wa CITES, ingawa wachongaji wa Kenya walikuwa wameuona uhaba wa miti kwa macho yao muda mrefu kabla ya hapo.

Mtu angeweza kuhitimisha kwamba njia ya kujaribu iliangamiza msitu na kwa hiyo ifungwe. Yaliyofuata yanapinga hitimisho hilo. Kuanzia miaka ya 1990, wachongaji, wakisaidiwa na watafiti na wahifadhi, waligeukia miti inayokua haraka mashambani: mwarubaini, mwembe, jakaranda. Ujuzi wa muhugu haukuhamia wenyewe tu kwenye mwarubaini. Mwarubaini hupasuka usipokaushwa polepole, na mwembe hushambuliwa na wadudu. Mafundi wazoefu walilazimika kuwa wanafunzi tena, wakajaribu namna za kukausha, unene wa kuacha, na maumbo ambayo mti huo unayakubali. Safari hii kosa lilikuwa nafuu kihalali, kwa kuwa mti ulioharibika ulikuwa umepandwa na mtu na ungeweza kupandwa tena.

Kwa hiyo anayetaka kujifundisha kazi ya mti asimsubiri fundi wa kumkubali wala cheti cha kumruhusu. Aanze na mwarubaini au vipande vilivyobaki karakanani, awaachie mpingo wale wanaoujua, na kazi yake aiweke mahali ambapo watu wenye jicho wataiona na kumwambia ukweli. Na vyama vya ushirika na shule za ufundi zikitaka kulea wachongaji wapya, zina kazi mbili za kufanya kabla ya kununua mashine: kupanda miti ya kuharibiwa na wanaoanza, na kuwakalisha wanaoanza karibu na wanaoweza. Mkulima wa Wamunyu aliyapata yote mawili kwa bahati ya mahali na wakati wake. Sisi tunayajua, kwa hiyo hatuna udhuru wa kuyaachia bahati.