Kufanana na Kuainisha: Funzo la Historia kutoka Garissa

Mtaa wa Galbet umo katika mji wa Garissa, upande wa mashariki wa mto Tana. Ajuaye Kisomali alisikiapo jina hilo hulikumbuka mara moja neno galbeed, yaani magharibi. Sauti zinakaribiana mno. Hata hivyo, mwanaisimu hatosheki na kukaribiana kwa sauti peke yake. Atataka kujua jina lilitolewa na nani, naye alikuwa akitazama kutoka wapi. Kwani hakuna mahali palipo magharibi ila kwa kulinganishwa na pengine.

Kufanana nako ni vivyo hivyo. Ni jambo la kawaida kudhani kwamba vitu huwekwa katika kundi moja kwa sababu vinafanana. Mwanafalsafa Nelson Goodman alipinga dhana hiyo mwaka 1972: vitu viwili vyovyote hufanana kwa namna fulani, kwa hiyo kusema kwamba vinafanana si kusema lolote mpaka itajwe namna hiyo. Kiswahili chenyewe chatoa ushahidi. Maneno kiboko na kiti yana kiambishi kimoja, lakini husemwa kiti kimevunjika na kiboko amelala. Ukitazama umbo, maneno hayo ni ndugu. Ukitazama upatanisho, kiboko yumo pamoja na mtu na ng'ombe. Mfanano wa umbo haukupotea. Umeshindwa na mfanano mwingine, ule wa uhai, ambao sarufi imeuona kuwa mzito zaidi.

Je, katika kuainisha watu, ni nani apimaye uzito huo? Historia ya kaskazini mashariki mwa Kenya yafaa kuchunguzwa kwa swali hili.

Kama lugha ingekuwa ndiyo kipimo, orodha ya makabila ya eneo hilo ingekuwa nyingine kabisa. Katika utafiti alioutoa mwaka 1978, Bernd Heine alionyesha kwamba Kirendille, Kiboni na Kisomali vimetokana na lugha mama moja. Lakini Warendille, ambao kwa siasa na ujirani wamefungamana na Wasamburu, hawahesabiwi kuwa Wasomali. Wala Waboni, yaani Waaweer, wa misitu ya Lamu na Garissa hawahesabiwi hivyo. Kwa upande mwingine, miongoni mwa Wagarre wamo wasemao lahaja iliyo karibu na Kisomali na wamo wasemao Kiborana, nao wote huitwa Wasomali. Hapa nasaba imepewa uzito kuliko ulimi.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na vipimo vyake. Sheria ya mwaka 1919 iliwaruhusu baadhi ya Wasomali kutohesabiwa kuwa wenyeji katika mambo fulani. Sheria ya kodi ya mwaka 1936 iliweka viwango vya watu wasio wenyeji: Waasia shilingi 30, Wasomali shilingi 20. Hapo likatokea jambo la ajabu. Waisaaq waliokaa Isiolo, Nairobi na kwingineko walidai watozwe kodi kubwa zaidi. Walitaja nasaba yao iliyofika Uarabuni. Kwa mfanano huo walitaka kuwekwa pamoja na Waasia. Shilingi 10 za ziada zilikuwa bei ya daraja, na daraja ndilo lililogawa haki. Yafaa ikumbukwe kwamba watu wale wale, sura ile ile na lugha ile ile, wangeweza kuwa wenyeji, Wasomali au Waasia kwa kutegemea mfanano uliokubaliwa na afisa.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na koo zilizokuwa zikichunga pamoja zikajikuta pande mbili za mpaka. Tangu hapo mfanano wa jamaa ukawa shaka mbele ya dola. Shaka hiyo ilidhihirika mwezi Novemba 1989, serikali ya Kenya ilipoamuru Wasomali wote watu wazima waandikishwe upya, ili raia wa Kenya watengwe na wageni kutoka Somalia. Lakini jicho lingemtengaje mtu na binamu yake? Waombaji waliulizwa ukoo, jilibu na chifu wao, na waliokubaliwa walipewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho cha kawaida. Kwanza mfanano ulitumika kuwakusanya watu wote katika kundi moja la washukiwa. Kisha, kwa kuwa mfanano huohuo haukuweza kuwatenganisha, mzigo wa kuthibitisha tofauti ukatwikwa mtu mmoja mmoja. Mkenya wa jamii nyingine hakudaiwa ushahidi wa namna hiyo. Uchunguzi wa ziada kwa waombaji vitambulisho uliendelea kwa miaka mingi, hata Februari 2025, Rais William Ruto alipotangaza kuukomesha katika kaunti za mpakani.

Haitakuwa sahihi kuhitimisha kwamba kufanana ni njozi. Kirendille na Kisomali vinafanana kweli, na binamu wa pande mbili za mpaka wanafanana kweli. Lililo la kuchaguliwa ni mfanano upi uhesabiwe, na uhesabiwe kwa kusudi gani. Sarufi ilipompa kiboko upatanisho wa viumbe hai haikumdhuru mtu. Dola inapochagua, kuna anayepata kitambulisho na kuna anayekikosa. Na asiye nacho hupata taabu kuajiriwa, kusafiri na kupiga kura. Kwa hiyo mwanaisimu aandikaye kwamba watu fulani ni wamoja kwa kuwa wanafanana hana budi kutaja wanafanana kwa lipi. Asipolitaja yeye, litatajwa na mwenye muhuri.