Habari za Marimba, na Jinsi Ilivyopata Kupigwa na Mtu Mmoja



Mtu akipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa za asubuhi, hasikii neno la mwenziwe. Wachuuzi wanaita wateja, wachukuzi wanataka wapishwe na mikokoteni yao, na kila duka lina kipaza sauti mlangoni. Mwaka jana, katikati ya makelele hayo, nilimwona mzee mmoja ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amepakata kisanduku cha mti chenye ndimi za chuma, akizipiga kwa vidole gumba. Watu walikuwa wakimpita tu. Nikainama kumsikiliza, na kwa kitambo nilidhani kwamba wapigaji ni wawili, na wa tatu amejificha nyuma ya mlango. Kumbe alikuwa peke yake. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Mzee, chombo hiki chaitwaje?" Akanijibu, "Ni marimba, mwanangu."

Jawabu hilo lilinitia katika mawazo, maana nilikwisha kusoma vitabuni habari za marimba nyingine kabisa: meza ndefu ya mbao, mtu mmoja amesimama nyuma yake na vigongo vinne mikononi, na mamia ya watu wameketi kimya wakimsikiliza. Je, vyombo hivi viwili vina udugu? Na desturi ya mtu mmoja kupiga peke yake, wengine wote wakamnyamazia, ilitoka wapi?

Tuanze na jina. Marimba ni neno la Kibantu. Shina lake ni -rimba au -limba, na ile ma- ya mwanzo ni ile ile ya wingi mnayoijua. Wagogo husema ilimba wakitaja kimoja, na malimba vikiwa vingi. Jina hili hutumika kwa mbao zilizopangwa safu na kupigwa kwa vijiti, na tena kwa ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole. Mgeni hudhani kwamba tumechanganya mambo, lakini sivyo. Padre Mreno aliyeitwa João dos Santos, aliyefika Sofala mwaka 1586, aliviona vyombo vyote viwili katika nchi ya mfalme Kiteve. Katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1609 aliandika kwamba kimoja kina vibuyu na cha pili kina ndimi za chuma, na kwamba vyote viwili huitwa ambira. Basi ndugu hawa wawili wameitwa kwa jina moja kwa zaidi ya miaka 400.

Marimba ya mbao, katika nchi zetu nyingi, ni kazi ya watu kadhaa. Tazameni amadinda ya Baganda. Mbao 12 hulazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji wawili huketi wakikabiliana, mmoja hupiga, na mwenziwe hutia pigo lake katika nafasi iliyoachwa na wa kwanza, kwa upesi ambao jicho haliwezi kuufuata. Wa tatu hushika mbao mbili za mwisho. Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka, alimfundisha kazi hiyo Gerhard Kubik wa Austria tangu mwaka 1959. Na huyo Kubik ndiye aliyeeleza kwamba sikio la msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wa wapigaji anayezipiga. Nyimbo hizo hupatikana katikati yao. Mmoja akiondoka, nazo zimekwisha. Jambo hili lilionekana mwaka 1966, jumba la Kabaka la Mengo liliposhambuliwa na majeshi ya serikali, na wapigaji wa jumbani wakatawanyika.

Sasa marimba hiyo ilivuka bahari. Haikuvuka kwa heri, bali katika vichwa vya watu waliouzwa utumwani. Watu hao walipofika Amerika ya Kati wakaiunda upya kwa miti ya huko. Mwaka 1680 ilitajwa katika sherehe za mji ambao leo huitwa Antigua Guatemala. Miaka ya 1890 mafundi wa Guatemala na wa Chiapas, Mexico, wakaongeza safu ya pili ya mbao, kama vile kinanda kilivyo na vipande vyeusi juu ya vyeupe, hata kila sauti ya muziki wa Ulaya ikapatikana. Hatimaye ikafika Chicago, katika kiwanda cha J. C. Deagan. Huko mahali pa vibuyu na visanduku pakawekwa mirija ya madini.

Pamoja na vibuyu, kitu kingine kiliondolewa. Marimba ya Kiafrika, na ile ya Guatemala vilevile, hutobolewa tundu katika kibuyu au kisanduku, na tundu hilo hufunikwa kwa utando mwembamba sana ili sauti ivume kama nyuki. Watu wa viwanda waliona mvumo huo ni uchafu wa sauti. Wakausafisha. Lakini hata miaka mingi haijapita, katika miaka ya 1920, kampuni ya Leedy ya mji wa Indianapolis ikatoa chombo chenye vipande vya chuma, na katika vinywa vya mirija yake visahani vidogo vinavyozungushwa na mota, ili sauti itetemeke. Wakakiita vibrafoni. Mwaka 1927 Deagan akatumia aluminiamu, akaongeza pedali ya kuzima sauti kwa mguu. Mimi naona ni kama mtu aliyemwaga chumvi ya nyumbani, kisha akaenda dukani kununua nyingine.

Hapo ndipo mpigaji wa peke yake alipojitokeza. Mtu akishika vigongo viwili kila mkono, aweza kufanya kazi ya watu wawili, na watungaji wakaanza kumwandikia. Mwaka 1930 Lionel Hampton alipiga vibrafoni katika sahani ya santuri pamoja na Louis Armstrong, na tangu hapo chombo kile kikawa na nafasi ya heshima katika jazi. Mwaka 1940 bibi mmoja, Ruth Stuber, alisimama mbele ya okestra mjini New York, akapiga utungo wa Paul Creston ulioandikwa kwa ajili ya marimba. Mwaka 1947 Mfaransa Darius Milhaud akatunga kazi ambayo mpigaji ni mmoja na vyombo ni viwili, marimba na vibrafoni. Katika Japani bibi Keiko Abe, aliyezaliwa mwaka 1937, ametunga na kupiga marimba peke yake hata wanafunzi wa dunia nzima wakamfuata. Na jirani yetu wa Ethiopia, Mulatu Astatke, aliyezaliwa Jimma mwaka 1943, alijifunza London na Boston, akairudisha vibrafoni upande huu wa dunia na kuipigia sauti za kwao.

Mtu akisoma hayo aweza kusema kwamba sisi tuna muziki wa kundi, na wageni ndio waliobuni muziki wa mtu mmoja. Nami nilikuwa nikifundisha hivyo. Mzee wa Mtaa wa Kongo ndiye aliyenikanusha.

Maana ilimba ya Mgogo ni chombo cha mtu mmoja kikamilifu. Kubwa yake ina ndimi zaidi ya 30, na baadhi ya ndimi za katikati hazipigwi kabisa, bali huitikia zenyewe wenzake wanapopigwa. Kidole gumba cha kulia kina mwendo wake, cha kushoto kina wake, na koo la mpigaji lina wake wa tatu. Hao ndio wapigaji watatu niliowadhania. Mabingwa wa sifa walikuwapo: Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1938, aliletwa Dar es Salaam baada ya uhuru kupiga katika kikundi cha taifa, kisha akafundisha katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981. Alipiga Ulaya na Japani, na sahani yake iitwayo Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996. Alifariki mwezi wa Desemba 2003.

Lakini chombo cha namna hii hakikuumbwa kushindana na mji. Ni rafiki wa msafiri. Likembe ya Kongo, ambayo ni ya ukoo huu, ilienezwa na wapagazi na watumishi waliosafiri nayo. Na Kariakoo yenyewe jina lake ni la wapagazi, yaani lile jeshi la wachukuzi wa Waingereza la vita vya 1914 hata 1918, ambalo kambi yake ilikuwa hapo. Baada ya vita zikavuma beni, Marini na Arinoti, kwa matarumbeta yao. Mwaka 1932 ikaundwa Dar es Salaam Jazz Band, gitaa likafuata, na leo ni vipaza sauti. Marimba husikika kwa anayeinama tu.

Sasa sina budi kueleza jambo langu mwenyewe. Miaka michache kabla ya kumwona mzee yule, katika chuo cha ualimu nilichokuwa nikifundisha, kijana mmoja wa Dodoma alikuwa akipiga ilimba yake bwenini wakati wa masomo ya usiku. Nilimnyang'anya, nikaifungia kabatini mwangu hata muhula ukaisha. Nilipomrudishia aliitazama, akapuliza vumbi, akaipiga mara moja. Akasema kwa adabu, "Ahsante, Mwalimu. Lakini utando umepasuka." Nikamwambia atie karatasi. Akatabasamu, akaenda zake.

Utando ule hufanywa kwa nyumba ya mayai ya buibui. Hayo aliniambia yule mzee wa Mtaa wa Kongo, nami nikamwomba anionyeshe. Akanigeuzia kisanduku chake, nikaona tundu, na juu yake kipande cha mfuko wa nailoni kilichokatwa kwa mkasi. Alisema Kariakoo hapakosekani kitu cha kuuzwa, ila buibui wa namna ile hajapata kumwona.