Afya ya akili Burundi: Kwa nini familia ya mgonjwa inastahili kusikilizwa

Mjini Bujumbura, mtu anapopatwa na ugonjwa wa akili au anapozama katika uraibu, wa kwanza kumhudumia huwa watu wa nyumbani kwake. Wao ndio wanaogundua kwamba halali usiku, wanaomtafuta anapotoweka, wanaochanga nauli na fedha za dawa, na wanaompokea anaporuhusiwa kutoka hospitalini.

Hata hivyo, huduma za tiba zinapopangwa, familia hiyo aghalabu huitwa kupokea maagizo na kulipa gharama, na ni nadra kuulizwa maoni yake. Utetezi wa familia unalenga kubadili hali hiyo. Unadai kwamba wazazi na ndugu wanaoishi na mgonjwa wawe na sauti katika mipango ya tiba, na kwamba huduma isogezwe karibu na makazi ya watu.

Makala haya yanaeleza jinsi huduma hiyo inavyofanya kazi, nafasi ya familia ndani yake, na mipaka ambayo familia yenyewe haipaswi kuivuka.

Kamenge, tegemeo la wengi

Kaskazini mwa Bujumbura, katika eneo la Kamenge, kipo kituo cha magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu kinachojulikana kwa kifupisho chake cha Kifaransa, CNPK. Kinaendeshwa na Mabruda wa Upendo, shirika la watawa wa Kikatoliki lililoasisiwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Shirika hilo ndilo linaloendesha pia hospitali ya Ndera karibu na Kigali, Rwanda, na kituo cha Sosame mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo.

CNPK kina matawi Gitega na Ngozi. Lakini kwa familia inayotoka Makamba au Cankuzo, hata matawi hayo yako mbali. Safari ya namna hiyo inahitaji nauli ya watu wawili au watatu, kwa kuwa mgonjwa aliyechafukwa na akili hasafiri peke yake, na inahitaji mtu wa kubaki naye kitandani, kumpikia na kumfulia.

Matokeo yake ni mzunguko unaofahamika na wauguzi wengi wa eneo la Maziwa Makuu. Mgonjwa huletwa hali ikiwa imeshakuwa mbaya. Hutibiwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani na dawa za muda mfupi. Dawa zikiisha, familia hupima: fedha iliyopo iende kwenye dawa, au kwenye chakula na karo ya wadogo zake? Kwa kuwa mgonjwa anaonekana mzima, dawa huahirishwa. Baada ya wiki au miezi kadhaa ugonjwa hurudi, na safari huanza upya.

Mzigo huo una sura ya kisera pia. Mwezi Mei 2006, Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua, hatua iliyowapa mamilioni ya watu nafasi ya kufika hospitalini. Mtu mzima mwenye skizofrenia, au kijana mwenye kifafa, hayumo katika makundi hayo mawili.

Vita, hofu na majina ya maradhi

Historia imeongeza uzito wa tatizo hili. Baada ya mauaji ya mwaka 1972, nchi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Oktoba 1993, kufuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Vita hivyo vinakadiriwa kuua watu 300,000, na Kamenge pamoja na Kinama ni miongoni mwa maeneo ya Bujumbura yaliyoumia zaidi. Mgogoro wa kisiasa wa mwaka 2015 uliwakimbiza watu wengine zaidi ya 400,000 kwenda nchi jirani, wengi wao Tanzania.

Kirundi kina maneno yanayozitenganisha hali za akili. Ibisazi ni wazimu unaoonekana na kila mtu. Akabonge ni huzuni nzito inayomkalia mtu moyoni. Ihahamuka ni hofu ya ghafla inayohusishwa na mambo ya kutisha aliyoyapitia mtu.

Tofauti hizo zina athari katika tiba. Utafiti wa Peter Ventevogel na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013 na kuhusisha Burundi, Sudan Kusini na Kongo, ulionyesha kwamba jamii huona wazimu wa wazi kuwa jambo la kupelekwa kwa waganga au hospitalini, ilhali huzuni nzito huachiwa ndugu, marafiki na wazee. Maana yake ni kwamba wagonjwa wengi hawatafika Kamenge kamwe. Watakaowaona ni watu wa nyumbani na majirani, nao wasipojua dalili za hatari, hakuna mwingine atakayeziona kwa wakati.

Huduma ya kijamii ni nini?

Huduma ya kijamii ni mpango unaomtibu mgonjwa pale anapoishi, na kuiacha hospitali kubwa kwa hali zilizo ngumu. Msingi wake uliwekwa katika Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizindua mpango unaojulikana kama mhGAP, unaowafundisha wauguzi na madaktari wa kawaida kutambua na kutibu sonona, saikosisi, kifafa na matatizo ya pombe na dawa za kulevya.

Nchini Burundi, ngazi zinazohitajika kwa kazi hiyo zipo tayari. Kila mtaa na kilima kina wahudumu wa afya ya jamii, wanaoitwa abaremeshakiyago kwa Kirundi. Juu yao kuna kituo cha afya chenye wauguzi, kisha hospitali ya wilaya. Mhudumu wa jamii hahitaji kuandika dawa. Kazi yake ni kumtembelea mgonjwa, kuuliza kama anatumia dawa, kugundua mapema kwamba ameacha kula au kulala, na kuitahadharisha familia na kituo.

Burundi imewahi kujaribu njia hiyo. Kuanzia mwaka 2000, shirika la Uholanzi la HealthNet TPO liliwafundisha wahudumu wa ushauri nasaha katika jamii na kusaidia kliniki za afya ya akili katika hospitali za mikoa. Uzoefu huo ulidhihirisha kwamba watu huja kwa wingi huduma inapokuwa karibu. Uliacha pia swali ambalo familia zina haki ya kuliuliza kila mradi mpya unapozinduliwa: mfadhili akiondoka, nani atanunua dawa?

Familia inayoponya, na familia inayoumiza

Wataalamu wanasisitiza elimu kwa familia kwa sababu ina matokeo yanayopimika. Kuanzia miaka ya 1950, mtafiti George Brown mjini London alifuatilia wagonjwa waliotoka hospitalini, akabaini kwamba waliorudi katika nyumba zenye lawama, uhasama na kuingiliwa kupita kiasi waliugua tena kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko waliorudi katika nyumba tulivu.

Tafiti zilizofuata zilionyesha upande wa pili wa jambo hilo: familia ikifundishwa ugonjwa ni nini, dawa zinafanya kazi vipi na maudhi yake ni yapi, mgonjwa hurudi hospitalini mara chache zaidi. Kutetemeka mikono, kukakamaa misuli au usingizi mzito vinaweza kusababishwa na dawa, na daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Familia isiyoambiwa hilo huweza kudhani kwamba hospitali inamuua ndugu yao, ikazitupa.

Uraibu: mgonjwa mwingine aliyefichwa

Katika mitaa ya Bujumbura, heroini hujulikana kwa jina la boost. Huvutwa au hudungwa, na wanaochangia sindano huwa hatarini kuambukizwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Pombe nayo ina mahali pake pa heshima katika posa, msiba na upatanisho. Hali hiyo huifanya familia ichelewe kukiri kwamba unywaji wa mmoja wao umegeuka ugonjwa.

Familia hupitia hatua zinazofanana. Kwanza vitu hupotea ndani ya nyumba. Kisha huja ugomvi, ahadi, na jaribio la kumfungia kijana chumbani hadi maumivu ya kukosa heroini yapite, yale ambayo vijana wa Dar es Salaam huyaita arosto. Njia hiyo mara nyingi hushindwa, na ina hatari kubwa: mtu aliyekaa bila heroini kwa siku kadhaa mwili wake huacha kuizoea, na akirudia kiasi kilekile anaweza kufa.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Mwezi Februari 2011, hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto na kumwezesha mraibu kufanya kazi na kuishi na watu. Huduma ilienezwa Mwananyamala na Temeke, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Kwa kuwa dozi hunywewa kila siku mbele ya muuguzi, umbali wa kliniki na nauli ya kila asubuhi huamua nani ataendelea na nani ataacha.

Mjini Bujumbura, watu waliowahi kutumia dawa za kulevya wana chama chao, BAPUD. Kuwapo kwake ni kumbusho kwamba wagonjwa nao wanaweza kujisemea, na kwamba utetezi wa familia una nguvu zaidi unapotembea bega kwa bega nao.

Utetezi huu ulianzia wapi?

Ufaransa ilipata umoja wa familia za wagonjwa wa akili, UNAFAM, mwaka 1963. Mwaka 1979, Harriet Shetler na Beverly Young, akina mama wawili wa Madison, Marekani, waliokuwa na watoto wa kiume wenye skizofrenia, waliwakusanya wazazi wenzao. Kutokana na kikao chao ilizaliwa NAMI, ambayo leo ina matawi kote nchini humo. Katika Afrika Mashariki, chama cha Mental Health Uganda kilianzishwa mwaka 1997.

Bujumbura yenyewe ina mfano wake, ingawa ni wa ugonjwa mwingine. Mwaka 1993, VVU vikiwa bado ni aibu ya kufichwa, liliundwa shirika la ANSS la kuwasaidia wanaoishi na virusi hivyo. Muasisi wake, Jeanne Gapiya-Niyonzima, aliyefiwa na mtoto na mume, alijitokeza hadharani katika miaka hiyo ya 1990 na kusema kwamba naye anaishi navyo. Walioguswa na ugonjwa walipoanza kusema, dawa ziliacha kuwa jambo la hisani na kuwa haki ya kudaiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na magonjwa ya akili bado yanafichwa.

Mipaka ya familia

Kinachoitaabisha familia na kinachomfaa mgonjwa si lazima viwe kitu kimoja. Ndugu waliochoka wanaweza kutaka alazwe kwa muda mrefu, ilhali yeye anataka kurudi nyumbani. Wengine hutamani kumiliki shamba lake au kuamua juu ya ndoa yake.

Ripoti ya Human Rights Watch ya Oktoba 2020 ilieleza kwamba watu wenye matatizo ya akili hufungwa minyororo au kufungiwa ndani katika nchi takriban 60, mara nyingi na jamaa zao wenyewe au katika vituo vya maombi na vya tiba za jadi. Wengi wa jamaa hao hufanya hivyo kwa hofu na kwa kukosa msaada. Mnyororo, hata hivyo, hubaki kuwa ukatili. Burundi iliridhia mwaka 2014 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaowahusu pia wenye ulemavu wa kiakili na kisaikolojia, na unaotambua haki yao ya kuishi ndani ya jamii na kufanya uamuzi juu ya maisha yao.

Familia zinaweza kudai nini?

Madai yenye manufaa ni yale yanayoweza kukaguliwa. La kwanza ni dawa za msingi katika kituo cha afya cha karibu, kila mwezi bila kukatika. Haloperidoli, klopromazini na kabamazepini ni dawa za zamani zilizomo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu.

La pili ni muuguzi aliyefundishwa katika kila hospitali ya wilaya, na mhudumu wa jamii anayemtembelea mgonjwa baada ya kutoka hospitalini. La tatu ni maelezo kwa lugha inayoeleweka, iwe Kirundi au Kiswahili cha Buyenzi, kuhusu ugonjwa, dawa na maudhi yake, kwa ridhaa ya mgonjwa.

La nne ni kiti mezani: wawakilishi wa familia na wa wagonjwa katika kamati za afya za mitaa, mahali ambapo ununuzi wa dawa na matumizi ya fedha hujadiliwa. La tano ni kusaidiwa wanaosaidia. Mama anayemlinda mwanawe usiku kucha kwa miaka mingi huchoka, huugua, na hupoteza biashara yake ndogo. Vikundi vya familia vinavyokutana mara moja kwa mwezi havigharimu sana, na mara nyingi hapo ndipo mtu husikia kwa mara ya kwanza kwamba jirani yake anabeba mzigo uleule.

Kila tarehe 10 Oktoba, dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Akili, na hotuba husomwa Bujumbura kama kwingineko. Familia inayotaka kujua kama hotuba hizo zimezaa matunda inaweza kwenda kwenye kituo cha afya cha mtaa wake na kuuliza kama dawa za mwezi ujao zipo.