Stima ya nyumba kuukuu: angalia kisanduku cha fyuzi kwanza

Ukipanga nyumba ya zamani Kombewa, kule Seme katika Kaunti ya Kisumu, usitosheke kwamba taa zinawaka. Fungua kisanduku cha fyuzi. Ukikuta imefungwa waya mnene wa shaba, au msumari (wako wafanyao hivyo!), jua kinga haipo. Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya wa ukutani haujaungua.

Rangi nazo huhadaa. Zamani waya wa moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi. Siku hizi moto ni kahawia na nyutro buluu, na kwenye stima ya fezi tatu mweusi una moto vilevile. Fundi anayeamini rangi bila kupima anacheza na roho yake.

Soketi ikipata joto, plastiki ikinuka kuungua, au bati na bomba vikikutia ganzi, zima swichi kuu kwa mkono mkavu na viatu mguuni. Volti 240 kwenye bati lililolowa mvua huua. Waya ukiwaka usimwagie maji. Mtu akinaswa usimshike kabla ya kuzima.

Kisha mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, nawe uione. Apime waya wa ethi, aweke na swichi ya miliampea 30 inayojizima stima ikivuja. Waya wa kutoka mlingotini hadi kwenye mita ni kazi ya Kenya Power, fundi wako asiuguse.

Mwenye nyumba akisema “imekuwa hivyo miaka yote”, mpelekee malalamiko kwa maandishi, na nakala ubaki nayo.